Thina haifai kuishia mtaroni

Viwanda vya dawa za peptidi humaliza sehemu kubwa ya viyeyusho kwa kuosha tu. Huku Kariobangi Light Industries ni yale yale. Fundi wa rangi akimaliza gari, husuuza bunduki ya kupulizia kwa thina safi, kiyeyusho cha rangi, kisha huimwaga thina hiyo mtaroni, nayo inaelekea Mto Nairobi. Pesa zinazopotea hapo jamani! Mimina thina chafu kwenye debe la bati lenye kifuniko, mbali na jirani anayechomelea. Rangi ikishatulia chini, chota ya juu kwa msuuzo wa kwanza. Safi iwe ya mwisho. Mashapo yanayobaki ndiyo kizungumkuti: yatupwe wapi? Sheria ya taka ya 2022 tunayo, lakini nani atamfuata fundi mwenye debe moja?