Tumeacha Nyama, Woga Je?



Kwaresima imefika tena. Kama ilivyo desturi yetu, tukishapakwa majivu tunaulizana nje ya kanisa: "Mwenzangu, mwaka huu unaacha nini?" Huyu anaacha nyama, yule sukari kwenye chai, mwingine soda. Ni vizuri. Lakini leo tunapenda kuwasimulia jambo lililotufundisha kwamba mtu anaweza kuacha vyote hivyo na bado asijinyime.

Mwaka mmoja, usiku wa Ijumaa Kuu, tulikuwa zamu katika wodi ya wazazi pamoja na mwenzetu mmoja. Mama mmoja alijifungua mtoto wa kike salama, kisha akaanza kutokwa na damu nyingi. Daktari alifanikiwa kuizuia, lakini mama alikuwa amekwisha kupauka viganja na midomo. Tulipompima wingi wa damu tulikuta gramu 5, na hata mjamzito hatutaki awe chini ya 11. Akiba ya damu iliyomfaa ilikuwa chupa moja tu.

Tukamtundikia hiyo, tukatoka nje kwa ndugu zake. Walikuwa saba, rozari mikononi, wametoka kwenye Njia ya Msalaba. Tukawaeleza shida. Mume alinyanyuka mara moja, lakini alipopimwa akakutwa na shinikizo la damu, asiweze kutoa. Wengine wakatazamana. Mmoja alisema amefunga, hana nguvu. Mwingine alisema damu ikishatoka hairudi. Wifi mtu akakumbuka kuwa ana safari ya alfajiri.

Tulikuwa tumeanza kuwalaumu moyoni, ndipo yule mume akatugeukia: "Na ninyi manesi, hamwezi?"

Tulikosa la kujibu. Miaka mingi tulikuwa tukitundika damu za watu wengine, wala hatukuwahi kutoa yetu hata mara moja. Kwaresima nzima hatukugusa nyama, tukajihesabu kuwa tumejinyima. Kumbe kilichotushika kwelikweli hatukukiacha: tuliogopa kulala kwenye kile kitanda. Zamu ilipokwisha tulikunywa uji, tukaenda maabara, tukanyoosha mkono. Damu ilipimwa ikaonekana salama na inamfaa. Mama yule alipona, akarudi nyumbani na mwanawe.

Mama mpendwa, nabii Isaya, sura ya 58, anaeleza mfungo unaompendeza Mungu: ni ule unaomfikia mwenye njaa, mfungwa na asiye na nguo. Kanisa nalo limekazia hivyo. Mwaka 1966 Papa Paulo VI aliporekebisha taratibu za kufunga, aliwaruhusu maaskofu kuweka matendo ya huruma na sala mahali pa baadhi ya mifungo. Chakula tunachokiacha kikibaki kabatini tukile Pasaka, tumebana matumizi tu.

Kwa upande mwingine, tusijinyime kwa kuwaumiza wengine. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa hawabanwi na sheria ya kufunga. Mama wa namna hiyo ale, tena ale vizuri, na vidonge vyake vya kuongeza damu asiviache. Akiba ya mwili wake ndiyo itakayomwokoa siku ya uchungu.

Na wewe mwenye afya, je, unaweza kutoa damu? Ukiwa na miaka 18 au zaidi, uzito usiopungua kilo 50, si mjamzito wala hunyonyeshi, nenda ukapimwe. Hutolewa kiasi cha mililita 450, kwa muda wa kama dakika kumi. Si kweli kwamba hairudi. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana sisi wanawake hupumzika miezi minne kabla ya kutoa tena. Siku hiyo usiende na njaa: kula kwanza, kunywa maji ya kutosha, na kama umefunga panga siku nyingine. Kumbuka pia kwamba wanafunzi wa sekondari ni watoaji wakubwa, na shule zikifungwa akiba hupungua.

Kama kwako si damu, huenda ni kwenda kwa wifi ambaye hamsemezani, au kumpumzisha msichana wa kazi Jumapili nzima ukapika mwenyewe. Unakijua kinachokuuma kukiachia.

Jumapili ijayo, nje ya kanisa, tuulizane hivi: "Mwenzangu, Kwaresima hii unampa nani?"

Tunawatakia Kwaresima yenye baraka.