Gari Halifi Kiwandani, Linafia Gereji

Agosti 2025 kiwanda cha Nissan cha Tochigi, Japani, kilitoa GT-R ya mwisho ya toleo la R35, baada ya miaka 18 na magari yapatayo 48,000. Audi ilikuwa imeshaachana na TT mwaka 2023 na R8 mwaka 2024, na Subaru ilikwisha kutangaza mwaka 2022 kwamba WRX mpya haitapata toleo la STI la injini ya petroli. Kila habari ya namna hii inapofika, mashabiki wa magari ya spoti wa Kigali, Kampala na Nairobi humtaja mshitakiwa mmoja: umeme. Mshitakiwa huyo amesingiziwa kwa sehemu kubwa. Na wakati tunamlaani, linatupita jambo linalotuhusu zaidi sisi ambao gari hutufikia likiwa limeshazeeka mikononi mwa mwingine: nani atakuwa na uwezo wa kulitengeneza baada ya kiwanda kuliacha?

Tuanze na tarehe, kwa sababu hazina ushabiki. Toyota iliacha kutengeneza Supra ya kizazi cha nne mwaka 2002 na Celica mwaka 2006. Celica ndiyo gari lililompa Björn Waldegård ushindi wa Safari Rally mwaka 1984 na 1986, na Juha Kankkunen mwaka 1985. Mazda iliifunga RX-8 mwaka 2012, na Mitsubishi ikamaliza Lancer Evolution mwaka 2016. Miaka hiyo gari la umeme lilikuwa bado sehemu ndogo sana ya soko. Kilichoyaondoa magari hayo ni hesabu: wanunuzi walihamia magari marefu ya familia, kanuni za moshi zikakazwa, na kuunda injini inayotimiza kanuni kwa ajili ya wateja wachache hakukulipa tena. Hata majuzi sababu hazikuwa za umeme peke yake. Porsche 718 ya petroli iliondolewa sokoni Ulaya mwaka 2024 kwa kutotimiza kanuni mpya za usalama wa mifumo ya kompyuta, na Toyota GR86 ikaondoka huko kwa sababu ya kanuni za vifaa vya kumlinda dereva. Ni kweli kwamba umeme umevuta fedha za utafiti ambazo zingeweza kwenda kwenye injini, na kwamba kanuni za Ulaya za hewa ya ukaa zinalibana gari lenye nguvu nyingi. Lakini hilo limeharakisha safari iliyokwisha kuanza. Isitoshe, mbio zenyewe hazijaelekea upande mmoja: mashindano ya dunia ya rali yaliyaingizia magari ya daraja la juu mfumo wa haibridi (petroli na umeme pamoja) mwaka 2022, kisha yakauondoa kuanzia msimu wa 2025.

Sasa tutazame kilichotokea kwetu baada ya viwanda kufunga milango. Mwaka 2019, miaka mitatu baada ya Lancer Evolution kuachwa, Baldev Chager wa Kenya alishinda Safari Rally akiendesha gari hilo hilo. Hapa Rwanda, katika rali ya Mountain Gorilla, vumbi la Bugesera limeendelea kutimuliwa na Lancer na Subaru Impreza za matoleo ambayo dukani hayapo tena. Magari haya hayaishi kwa sababu ni mapya. Wala hayaongezwi kirahisi kutoka nje: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia tangu 2005, marufuku iliyoyafungia nje mengi yanayotoka Japani. Yanaishi kwa sababu ujuzi wake umetoka kiwandani na kuhamia mitaani. Chukua injini ya Subaru ya EJ20, iliyotengenezwa kwa takriban miaka 30. Silinda zake zimelala ubavuni, kwa hiyo plagi zinatazamana na fremu ya gari badala ya kutazama juu. Fundi asiyeijua hukwaruza vidole na kukata tamaa. Anayeijua hutoa betri upande mmoja na boksi la filta ya hewa upande wa pili, akapitisha spana yenye kiungo kifupi, na kabla ya adhuhuri kazi imekwisha. Hakuna kiwanda kilichompa cheti cha hilo, wala hakuhitaji kumwomba mtu kibali. Spea za injini hiyo zinapatikana kwa kuwa Forester na Legacy za familia ziliitumia pia. Hiyo ndiyo siri ya maisha marefu ya gari la spoti Afrika Mashariki: lilijengwa kwa vitu ambavyo mkono wa fundi unaweza kuvifungua.

Gari la umeme nalo huachwa, tena pengine mapema zaidi, na Kigali ina ushahidi wake. Oktoba 2019 Volkswagen na Siemens zilizindua hapa mradi wa majaribio wa e-Golf, gari la umeme lililosifiwa kuwa mwanzo wa zama mpya za usafiri barani. Desemba 2020, miezi 14 baadaye, Volkswagen ilitoa e-Golf ya mwisho kiwandani Dresden na kugeukia matoleo mengine. Hakuna aliyeilaumu petroli. Kampuni ya Fisker ya Marekani ilipofilisika mwaka 2024, wamiliki wa magari yake ya Ocean walilazimika kuunda chama chao ili kutafuta spea na kuhakikisha kwamba programu za magari yao hazizimiki. Hapo ndipo tofauti ilipo. Lancer ya 2006 ikikosa spea, fundi huchonga au huazima kwenye gari lingine. Gari la umeme ambalo betri yake inazungumza na seva ya kampuni peke yake linaweza kuwa zima kabisa, matairi mapya, mota nzuri, lakini likakataa kuwaka kwa sababu kompyuta haitambui kifaa kilichobadilishwa. Mtaani Nyakabanda, hapa Kigali, jambo hili si la nadharia. Pikipiki za umeme zinazopanda vilima vyake kuelekea Mlima Kigali, kama zile za Ampersand, zimejengwa juu ya mpango wa kubadilishana betri: dereva ana chombo, kampuni ina betri. Mpango huo umempunguzia bei ya kununua na muda wa kusubiri chaji. Lakini unamaanisha kwamba maisha ya pikipiki yake yamefungwa kwenye maisha ya kampuni.

Msomaji atasema magari ya spoti ni anasa ya wachache, kwa nini yatuhangaishe? Kwa sababu yanatuonyesha mapema yatakayoyakuta magari yetu ya kawaida. Linaloondolewa kwanza ni lile la wateja wachache, na kwalo tunajifunza kama tulinunua mali au tulikodi ruhusa. Mwingine atasema nchi isiyochimba mafuta haina sababu ya kuililia injini ya petroli. Nakubaliana naye. Kila lita inayochomwa Kigali imesafirishwa kutoka pwani ya Mombasa au Dar es Salaam kwa fedha za kigeni, ilhali umeme tunauzalisha kwa maji ya Nyabarongo na gesi ya Ziwa Kivu. Uamuzi wa serikali kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria Kigali ziwe za umeme ni uamuzi sahihi. Wa tatu atasema betri ya gari ina volti 400 au zaidi, na si kazi ya gereji ya uchochoroni. Ni kweli, na mtu anaweza kufa. Lakini hatari hudai mafunzo na vyeti, haidai kwamba ujuzi ufungiwe ndani ya kampuni moja. Vyuo vya Rwanda Polytechnic vinaweza kumfundisha fundi kukata umeme mkubwa kabla ya kugusa betri, ilmradi mtengenezaji atoe michoro.

Pingamizi zito ni kwamba soko letu ni dogo mno kuwapangia watengenezaji masharti. Historia ya karibuni inakataa. Marufuku ya usukani wa kulia ya 2005 ilitoka kwa nchi hii hii ndogo, na wauzaji wakafuata. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliidhinisha haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, kisha mwaka 2020 wakaipanua ihusu pia data ambazo gari hutuma kwa njia ya hewa. Rwanda ina silaha zaidi ya kura: tangu 2021 imewasamehe waingizaji wa magari ya umeme ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18. Msamaha ni fedha za walipa kodi, na anayetoa fedha ana haki ya kuweka sharti.

Basi sharti liwekwe. Anayetaka msamaha wa kodi atoe michoro ya betri na programu ya kusoma hitilafu kwa fundi yeyote mwenye cheti, auze spea kwa miaka isiyopungua kumi baada ya toleo kuachwa, na aahidi kufungua mifumo yake siku kampuni ikifunga. Kampuni za betri za pikipiki nazo zikubali kipimo kimoja cha betri, ili dereva asiyeridhika na moja ahamie nyingine bila kutupa chombo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiliandika hili pamoja, soko litakuwa kubwa kiasi cha kusikilizwa popote. Mashabiki wa GT-R na Impreza, mlio na sauti mitandaoni na kwenye vilabu vya rali, acheni kudai petroli irudishwe. Daini haki ya kufungua boneti, kwa sababu bila hiyo hakuna gari, la petroli wala la umeme, litakalofika mikononi mwa wajukuu wenu likiwa linatembea.