Jini Halina Bajeti, Kaunti Inayo



Unaijua ile nyumba. Kila kijiji cha kwetu kina moja. Kuna chumba cha nyuma, mlango unafungwa kwa nje. Sahani inaingia, sahani inatoka. Wageni wakija wanaambiwa, "Yule yuko Mombasa kwa mjomba wake." Kumbe yuko hapo hapo, hatua kumi kutoka walipokaa, mguu umefungwa kamba. Si kwamba mama yake hampendi. Ni kwamba alitafuta kila mahali akakosa.

Mimi ni mtoto wa Tana Delta na nimemuona kijana wa chumba hicho. Jina lake silitaji, hiyo ni sitara ya watu. Tulisoma madrasa moja, na yeye ndiye aliyekuwa anahifadhi haraka kutushinda sote. Alipofika miaka 19 akaacha kulala. Halafu akaanza kujibizana na watu ambao sisi hatuwaoni. Mama yake akafanya anachofanya mama yeyote wa kwetu. Akaita ustadh, kisomo kikasomwa. Akamnywesha kombe. Akampeleka kwa mganga ng'ambo ya mto, akaagizwa mbuzi mweusi. Miezi minane ikapita. Mwisho wakamfikisha dispensari, na nesi akawaambia ukweli: "Mimi hapa dawa za akili sina. Mpelekeni Mombasa."

Sasa, kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Na hiyo ni ukiwa umeshafika Garsen, kwenye lami. Bado hujahesabu boda kutoka ndani, wala mtumbwi kama mto umejaa. Matatu ilikataa kumbeba mtu aliyefungwa kamba, ikabidi wakodi gari. Ng'ombe wawili wakauzwa. Akalazwa, akatibiwa, na wallahi aliporudi alitusalimu mmoja mmoja kwa majina. Ijumaa ile tuliswali naye safu moja.

Kisha dawa za mwezi mmoja zikaisha.

Wakaenda dispensari, hamna. Wakaenda hospitali kubwa ya karibu, wakaambiwa rudini wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi. Kurudi Mombasa ni ng'ombe wengine wawili, na ng'ombe hao hawakuwepo. Mwezi wa tatu kijana yuko tena chumba cha nyuma. Na sisi kijijini tukasema nini? "Si tuliwaambia, dawa za hospitali haziyawezi majini."

Hapana ndugu yangu. Dawa iliweza, tuliona kwa macho yetu. Kilichokosekana ni dawa ya mwezi wa pili. Na dawa ya mwezi wa pili si kazi ya jini kuileta. Ni kazi ya serikali.

Nataka nieleweke vizuri hapa, manake najua kuna watakaokimbilia kunijibu. Sikatai majini. Mimi ni Muislamu, yametajwa katika Qur'an na nayaamini. Sikatai kisomo, mimi mwenyewe nikiumwa nasomewa. Ninachokataa ni hii tabia ya kila ugonjwa wa akili kuutupia jini halafu tukanyamaza. Jini halina bajeti. Jini halina waziri wa afya. Jini huwezi kuliita kwenye kikao cha hadhara ukaliuliza pesa za dawa zimeenda wapi. Kila tunapolaumu jini peke yake, kuna mtu ofisini anapumua. Hajaulizwa kitu.

Wala kutibu akili hospitalini si mambo ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza huzuni, hofu, hasira na wasiwasi kama maradhi yenye tiba. Hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa miaka ya 1284 na 1285, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Wakati huo Nairobi haikuwepo hata kwenye ndoto. Hospitali ya Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, tena chini ya mkoloni, na zaidi ya miaka 100 baadaye ukimwambia Mkenya "hospitali ya akili" bado jina linalomjia ni Mathari. Kwa hivyo anayekwambia Uislamu unatosheka na kamba na chumba cha nyuma, mwambie akasome historia yake.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wanapotegemea hatujui.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakikusema "kila mtu anayekaa mjini". Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeweka vituo vya afya na maduka yake ya dawa mikononi mwa kaunti. Mwaka 2020 kikosi kazi cha serikali kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa, na kaunti zikapewa jukumu la kutoa huduma hizi katika vituo vyao na kuzitengea pesa. Iko kwenye maandishi. Kwa hivyo nesi anapomwambia mama "hamna", huyo nesi hana kosa, lakini kuna mtu juu yake anayevunja sheria.

Watakuja na jibu lao: "Madaktari wa akili ni wachache nchini, tutawatoa wapi?" Ni kweli ni wachache. Lakini hilo ni jibu la mtu asiyetaka kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mwaka 2008, kusudi lake hasa likiwa manesi na maafisa wa kliniki wa kawaida wafundishwe kutambua na kutibu maradhi haya pale pale walipo. Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na kina nyanya 14, akawafundisha kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu aliyeelemewa na mawazo. Nyanya 14! Kwani sisi hatuna nyanya? Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mwaka 2023, wenye mikoba na simu, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wanaweza kupita na kwenye ile nyumba ya chumba cha nyuma. Na kuna sindano ya maradhi haya inayodungwa mara moja tu kwa mwezi. Nesi wa dispensari aliyefundishwa anaweza kuidunga. Kinachotakiwa ni iwepo.

Na sisi wa Delta tuna deni letu jingine. Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa kwa siku moja. Mapigano yalipokuja kutulia mwaka uliofuata, waliokufa walikuwa wamepita 100. Wazee wakapatanishwa, mikutano ikafanywa, picha zikapigwa. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ile, akaona yale aliyoyaona, leo ni kijana wa rika lako. Nani alimuuliza analala vipi? Mvua ikipiga kwa nguvu anashtuka, watu wanasema ana majini. Akitafuna miraa na vidonge apate kutulia, wanasema ni muhuni. Hakuna aliyesema huyu ni majeruhi.

Basi tufanye nini? Kulia mtandaoni pekee hakutoshi. Nakupa kazi tatu, na hakuna hata moja inayohitaji pesa.

Kwanza, nenda dispensari ya kwenu wiki hii. Uliza kwa adabu: dawa za akili na za kifafa zipo? Mara ya mwisho zilikuja lini? Andika jibu na tarehe.

Pili, chukua jibu hilo uandike barua kwa kaunti chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Waulize wametenga shilingi ngapi za afya ya akili na zimenunua nini. Sheria inawapa siku 21 kukujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Na niambie, mtu aliyefungwa kamba hana swala la uhuru? Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Peleka nakala kwa mwakilishi wadi wako, umwambie uso kwa uso kwamba utamuuliza tena. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kwao kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya wananchi vikiitwa msiwaachie wazee peke yao wakale biskuti na kusaini karatasi.

Tatu, ongea na imamu wako. Si kwa kumshambulia. Muombe akishamsomea mgonjwa amwambie na familia: hospitali pia mwendeni. Sentensi hiyo moja kutoka kwa imamu itafungua milango ambayo mimi na wewe hatuwezi.

Na wewe unayesoma haya usiku hujalala, moyo umechoka, umeanza kuwaza kujidhuru, ujumbe huu ni wako pia. Kwa miaka mingi sheria ya nchi hii ilimuona aliyejaribu kujiua kama mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo usiogope polisi, na usiione haya imani yako. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alikuwa na mwaka ulioitwa Mwaka wa Huzuni. Mwambie mtu mmoja leo, na nenda kituo cha afya chochote. Katiba inasema matibabu ya dharura hakuna ruhusa ya kumnyima mtu.

Yule rafiki yangu bado yuko chumba cha nyuma. Nikipita namsikia akisoma sura alizohifadhi akiwa mdogo, na hakosei hata irabu. Jini gani hilo linalosoma Qur'an vizuri hivyo? Yule ni mtu. Ni ndugu yetu, na dawa yake ya mwezi wa pili anaidai.

Twende tukamdaie.