Kwa nini samaki wanahema juu ya maji?

Ndugu mfugaji, umefika bwawani alfajiri. Perege wako wamejaa juu ya maji. Wanapanua midomo, wanahema. Usifikiri wana njaa. Usiwape chakula. Wamekosa hewa.

Samaki huvuta hewa iliyo ndani ya maji. Mchana, mimea midogo inayofanya maji yawe ya kijani hutoa hewa hiyo. Usiku mimea hiyo haitoi hewa, bali huitumia. Samadi na mabaki ya chakula yakioza, nayo huimaliza. Alfajiri hewa imebaki kidogo sana.

Pima. Tumbukiza mkono polepole. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mbolea imezidi.

Fanya hivi:

1. Ingiza maji mapya mara moja. Yaanguke kutoka juu, yachukue hewa.

2. Acha kutia samadi.

3. Ondoa majani yanayooza.

Hapa Ufipa, Juni na Julai ni miezi ya baridi. Perege hula kidogo. Punguza chakula, kisije kikaoza.

Kama ni wachache tu wanaohema, tena mchana kutwa, huenda ni wagonjwa. Mwone ofisa uvuvi. Ukichelewa, bwawa zima laweza kufa kwa usiku mmoja.