Pumzi ya Mkulima wa Korosho Nayo Ina Thamani

Mwenye farasi wa mbio, awe wa Ngong kule Nairobi au wa Uingereza, akimsikia mnyama wake anaunguruma anapovuta pumzi, hukosa usingizi. Farasi hapumui kwa mdomo; hewa yake yote hupita puani, na akiwa katika kasi huvuta pumzi moja kwa kila mruko. Neva ya upande wa kushoto wa koo ikidhoofika, mlango wa hewa haufunguki sawasawa, naye huishiwa nguvu kabla ya kumaliza mbio. Hapo daktari huitwa, hupitisha puani bomba jembamba lenye kamera, na ikibidi hupasua koo na kuushona mlango huo ubaki wazi. Gharama yake ni kubwa, na hulipwa.

Newala na Masasi si nchi ya farasi. Mwaka 1916 na 1917 majeshi ya Waingereza yaliwaleta kwa maelfu kupigana na Wajerumani katika nchi yetu. Mbung'o na maradhi vikawamaliza, mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Kazi nzito ya kusini hufanywa kwa pumzi ya binadamu.

Na kazi yenyewe ni korosho. Tangu Juni hadi Septemba, mikorosho inapochanua, mkulima huamka alfajiri, upepo ungali umetulia na majani yangali na umande, akajitwika mgongoni bomba lenye injini, akapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Wingu la manjano hupanda mitini, kisha humshukia yeye na jamaa zake. Macho huwasha, koo hukauka, kikohozi humfuata hadi kitandani. Kinga yake mara nyingi ni kipande cha khanga.

Sisemi salfa iachwe. Msimu wa 1973/74 taifa lilivuna tani 145,000 za korosho. Miaka ya 1980 ilipokwisha hazikufika hata 30,000. Bei duni na watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao vilichangia, lakini ubwiriunga nao ulikausha maua, na salfa ndiyo iliyoyaokoa.

Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwamba watoto waishio karibu na mashamba yanayopulizwa salfa walikuwa na mapafu yenye nguvu pungufu na dalili zaidi za pumu. Hao walikuwa majirani wa mashamba tu, ndugu msomaji. Wetu ndio washika bomba!

Basi mfuko wa salfa unapoandikwa katika daftari la chama cha msingi, barakoa ya kuchuja vumbi na miwani ya kufunika macho viandikwe katika mstari huo huo. Na zahanati za vijiji zipime pumzi za wapulizaji kabla ya Juni na baada ya Septemba. Kipimo chenyewe hushikwa mkononi, mtu hupuliza mara tatu, wala hakihitaji umeme.