Tuulize Wati Kabla ya Kununua Kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri walimu wenzangu na wazazi wa Iringa na Mbeya.

Shule yetu ya msingi hapa Mufindi hutumia umeme wa jua. Wazazi walichanga, nasi tukanunua vipuri na kuunga wenyewe kompyuta yenye nguvu ya kutayarishia masomo ya picha. Katika duka moja mjini Mbeya tuliambiwa prosesa kubwa ndiyo bora. Hatukuuliza inakula wati ngapi. Matokeo yake kompyuta ikamaliza betri mchana, na jioni watoto wa Darasa la Saba wakakosa taa ya kujisomea.

Hesabu yake ni rahisi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu tu ili betri isife mapema, unapata 600. Kompyuta ya wati 200 itafanya kazi kwa muda wa saa 3. Ya wati 60, saa 10.

Tena herufi ya mwisho ina maana. Intel Core i7-13700K na i7-13700T zote zina viini 16. Lakini ya K ni wati 125 za msingi na hupanda hadi 253. Ya T ni 35 na hupanda hadi 106. Kasi yake ni pungufu, ila kazi ya shule inaiweza.

Wauzaji waandike wati kando ya bei. Nasi wanunuzi tuulize, maana michango ya wananchi si ya kuchezea.

Mwalimu wa Kijijini,
Mufindi, Iringa.