HIFADHI SI ZA WAZUNGU PEKE YAO



Katika mkutano uliopita Kamati ya Elimu ilileta ombi dogo: sehemu ya ziada ya mwaka huu itumike kukodi basi, tupeleke wanachama na vijana wao Hifadhi ya Arusha kwa siku moja, kahawa ikishamalizika. Ombi likazomewa. Mwenzetu mmoja akasimama akasema, "Mambo ya kwenda kutazama nyani ni ya wazungu." Watu wakacheka, wakapiga makofi, ajenda ikafungwa. Sisi hatukucheka. Tunayasema hapa ukutani yale tuliyonyimwa nafasi ya kuyasema kule.

Jamani, kasumba hii tumeitoa wapi? Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Maji ya mifereji yetu yanatoka mle msituni. Mlima ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, na mwaka 1987 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Mgeni anaweka akiba miaka, anavuka bahari, anapita hapo jirani lango la Machame ili aukanyage. Na sisi je? Ukiwatoa vijana wanaobeba mizigo, ni wangapi kati yetu wamewahi kupita lango lile? Kilele tunakijua asubuhi mawingu yakifunguka, basi, au kwenye lebo ya bia. Kijana wa hapa amefika Barafu mara nyingi, lakini hajafika hata mara moja bila mzigo wa mtu kichwani. Si vibaya, kazi ni kazi. Ila mlima anaujua kwa shingo tu.

Eti ni za wazungu! Tarehe 9 Desemba 1961 mwenge wa Uhuru uliwashwa kule juu kileleni, na aliyeupandisha ni Alexander Nyirenda, askari Mwafrika. Oktoba 2020 moto ulipokuwa ukila mlima, watu mamia walipanda kuuzima, wanavijiji wakiwemo. Mbona siku zile hakuna aliyesema moto ni wa wazungu?

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Ukanda wa nusu maili ulitengwa mwaka 1941 ili sisi watu wa vijijini tupate kuni, mbao na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu, pamoja na ukanda huo, ukaingizwa ndani ya Hifadhi. Akina mama wanajua kilichopotea pale kuliko sisi wanaume tunaolijadili kilabuni. Tangu hapo tunanung'unika, na kunung'unika ni haki yetu. Lakini anayesema hifadhi ni ya wazungu amekwisha tia sahihi kwamba si yake. Kesho atadai nini? Atasimamaje mbele ya wakubwa kuzungumzia mpaka wa msitu ambao hajapata kuuingia ila kwa kuvizia? Anayeingia langoni na risiti mkononi anaweza kuuliza maswali, tena kwa sauti. Na tuseme kweli: wapo miongoni mwetu waliokata mikulo mle ndani, na wapo warina asali walioacha moto unafuka nyuma yao. Hao nao walidhani ni mali ya wengine.

Tumeulizwa kwa nini Arusha na si mlima wetu wenyewe. Kwa sababu wazee wetu hawawezi kupanda, na safari hii si ya vijana peke yao. Arusha ni karibu. Hifadhi ile ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na gari linaingia hadi ndani. Twiga wako pale, nyati wako, mbega wako juu ya miti, na kwenye maziwa ya Momella kuna heroe. Unaondoka alfajiri, jioni umerudi, ng'ombe wamepata majani yao.

Wanaosema fedha hakuna tunawaheshimu. Dawa ya chulebuni ni ghali, sote tunajua. Lakini mwaka jana siku ya mkutano mkuu tulichinja ng'ombe wawili, mbege ikanywewa mpaka usiku, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza hesabu. Kiingilio cha raia kinalipwa kwa shilingi, nacho ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Mwaka huu achinjwe ng'ombe mmoja. Wa pili awe basi.

Tunataka ombi lirudishwe mkutanoni, lijadiliwe bila kuzomeana. Yule ndugu wa nyani naye aje aseme hoja yake, tutamsikiliza, na akikubali tumemwekea kiti cha dirishani. Wanaounga mkono waandike majina kabla ya Jumamosi. Karatasi iko kwa katibu, karibu na mizani. Kalamu tumeifunga kwa kamba, maana ile ya kwanza imekwisha potea.

Kamati ya Elimu